Maswali ya wasomaji: Amplifaya ya valvu inakula ampea ngapi?

Barua za safari hii zinatoka kwa watu wanaofufua amplifaya za zamani za valvu (taa za kioo zinazokuza sauti), na karibu zote zimekwama mahali pamoja: mkondo wa umeme. Kabla ya yote, onyo moja kwa kila anayefungua chasisi. Kapasita za volti kubwa hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Chukua resista ya kilo-omu 10 ya wati 5, iunge kwenye waya mbili zenye klipu zilizofunikwa plastiki, ishike kati ya chanya ya kapasita na chasisi kwa sekunde kumi, kisha hakikisha kwa mita kwamba volti zimeshuka chini ya 10. Bisibisi si chombo cha kazi hiyo. Inapiga cheche, inatoboa ncha na inaua kapasita.

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina amplifaya ya stirio yenye EL84 nne (valvu za nguvu), ECC83 nne (valvu ndogo za kukuza sauti) na rektifaya ya GZ34 (valvu inayogeuza AC, umeme unaobadili mwelekeo, kuwa DC, wa mwelekeo mmoja). Transfoma ya umeme imeungua kabisa, lebo haisomeki na mchoro sina. Msukaji wa transfoma ananiuliza volti ngapi, ampea ngapi. Nimwambie nini?

JIBU: Nzuri, ndugu. Usimpe namba moja, maana mkondo wa amplifaya ya valvu si mmoja. Upo wa hita (waya unaopasha valvu moto), upo wa DC unaokwenda kwenye anodi (bamba linalopokea elektroni ndani ya valvu), na upo ule unaopita ndani ya koili ya transfoma yenyewe, ambao ni mkubwa kuliko huo wa DC. Transfoma nyingi zilizosukwa upya huungua kwa sababu huu wa tatu ulisahauliwa.

Anza na hita, hazina ujanja. EL84 moja inakula ampea 0.76 kwa volti 6.3, kwa hiyo nne ni 3.04. ECC83 inakula 0.3 ikiwa pini 4 na 5 zimeunganishwa na upande wa pili uko pini 9. Nne ni 1.2. Taa ndogo ya mbele huwa karibu 0.15. Jumla ampea 4.39, yaani wati 27.7. Agiza koili ya volti 6.3 ya ampea 5, waya wa kipenyo cha milimita 1.6. (Ukikuta ECC83 zimeungwa pini 4 na 5 peke yake, pini 9 haina waya, basi hizo zinatumia volti 12.6 kwa ampea 0.15. Angalia soketi kabla ya kujumlisha.)

GZ34 inataka koili yake peke yake: volti 5, ampea 1.9, waya wa milimita 1. Mkumbushe msukaji kwamba kathodi ya GZ34 (sehemu inayotoa elektroni) imeungwa na hita yake ndani ya kioo, kwa hiyo koili hii ya "volti 5" inakaa volti 300 na zaidi juu ya chasisi. Karatasi ya kuihami iwe nene sawa na ya volti kubwa. Akiichukulia kama koili ya taa tu, itapiga shoti siku ya kwanza.

Sasa volti kubwa. Kwa EL84 mbili zinazosukumana, jedwali la watengenezaji linatoa hali hii: volti 300, resista moja ya kathodi ya omu 130 kwa valvu zote mbili, na transfoma ya spika ya kilo-omu 8 toka anodi hadi anodi. Fuata pini 3 (kathodi) za EL84. Ukikuta resista ya pamoja ya karibu omu 130, au kila valvu na yake ya karibu 270, uko kwenye hali hiyo au jirani yake. Pini 3 zikienda moja kwa moja kwenye chasisi, amplifaya yako ina volti hasi za gridi (wavu unaodhibiti mkondo ndani ya valvu), na hesabu hii haikuhusu.

Katika hali hiyo, amplifaya ikiwa kimya, kila valvu inavuta miliampea 36 kwenye anodi na 4 kwenye gridi ya pili. Ikipiga kwa nguvu zote, anodi inafika 46 na gridi ya pili 11. Hiyo gridi ya pili ndiyo wengi huisahau: kwa valvu nne inaongeza miliampea 28 peke yake. Kwa hiyo:

Kimya: 4 × 40 = 160 mA.
Nguvu zote: 4 × 57 = 228 mA.

ECC83 nne zina valvu ndogo nane ndani yake. Kila moja, ikiwa na resista ya anodi ya kilo-omu 100, huvuta kama miliampea 1. Weka 10 kwa zote, hakuna haja ya kupasua nywele. Unapata 170 kimya na 238 kwa nguvu zote. GZ34 ina kikomo cha 250 mA, kwa hiyo tunaona kwamba aliyebuni kifaa hiki alikuwa anajua anachofanya na hakuacha nafasi ya bure.

Jambo la kumkazia msukaji ni hili. Kapasita ya kwanza haivuti mkondo muda wote. Inavuta kwenye vilele vya wimbi tu, kwa mipigo mifupi mikali, na joto la waya hufuata mraba wa mkondo. Kwa koili ya nusu mbili yenye waya wa kati, mkondo wa RMS (kipimo kinachofuata joto la waya) katika kila nusu ni kama mara 1.15 ya DC. 238 × 1.15 ni 274, kwa hiyo agiza waya wa kubeba 0.28 A, kipenyo cha milimita 0.35 hadi 0.38. Msukaji atakuambia, "Kila nusu inafanya kazi nusu ya muda, basi 0.14 inatosha." Hapana. Inafanya kazi nusu ya muda kweli, lakini kwa mipigo, na waya wa 0.14 utaoka taratibu mpaka urudi ulikotoka.

Volti: 2 × 270 (270 kila nusu) ikiwa na mzigo. GZ34 itatoa DC ya karibu mara 1.18 ya hiyo amplifaya ikiwa kimya, yaani 318, na karibu mara 1.1 ikipiga kwa nguvu. Toa volti kumi za kathodi na chache zinazopotea ndani ya transfoma ya spika, unabaki karibu na 300 uliyoitaka.

Kwa upande wa umeme wa ukutani, jumla inakuja VA (volti mara ampea) 140 hivi. Kwa 230 V ni ampea 0.61, fyuzi ya polepole ya ampea 1. Chuma cha VA 160 hadi 180 kinafaa, kwa sababu koili ya nusu mbili inakula nafasi kubwa ya dirisha. Usiende mara mbili ya hapo kwa kudhani kikubwa ni salama zaidi: transfoma isiyolemewa hutoa volti zaidi ya ilivyoandikwa, na EL84 hazitakushukuru.

SWALI: Nimeweka fyuzi ya 250 mA kwenye waya wa kati wa koili ya volti kubwa. Mkondo wa DC nimepima ni 170 mA tu, lakini fyuzi inakatika baada ya dakika kumi na tano hivi. Kuna shoti ninayoikosa?

JIBU: Huenda hakuna shoti kabisa. Fyuzi yako haioni DC. Waya wa kati unapitisha mipigo ya nusu zote mbili za koili, na RMS yake ni kama mara 1.6 ya DC. 170 × 1.6 ni 272 mA, tayari juu ya 250 hata kabla hujaongeza sauti. Ikipiga kwa nguvu zote inafika 380. Weka fyuzi ya polepole ya 500 mA mahali hapo hapo.

Ukitaka kuhakikisha kwa kupima, jihadhari na mita. Mita za kawaida hukisia RMS kwa kudhani wimbi ni laini. Kwenye mipigo mikali kama hii zinasoma chini ya ukweli, nawe utabaki unamlaumu muuza fyuzi.

Kuna watakaokushauri uihamishie baada ya kapasita ya kwanza, ambako mkondo ni DC safi. Tatizo ni kwamba fyuzi za kioo zilizoandikwa 250 V ni za AC. AC inapita sifuri mara mia kwa sekunde na cheche inajizima. DC ya volti 320 haipiti sifuri, hivyo cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya kioo baada ya waya kukatika. Iache upande wa AC.

Ya 500 mA nayo ikikatika, chomoa valvu za nguvu zote uwashe tena. Ikikatika bado, angalia kapasita za volti kubwa na rektifaya. Ikipona, rudisha valvu mbili mbili, upande mmoja baada ya mwingine.

SWALI: GZ34 yangu ilichoka nikaweka dayodi mbili za 1N4007. Sauti imepata nguvu, lakini gizani naona anodi za EL84 zina wekundu. Volti zimetoka 315 hadi 365. Nipunguze vipi?

JIBU: Zima kwanza, usiendelee kusikiliza. Anodi nyekundu maana yake valvu inakula kuliko uwezo wake. EL84 inavumilia wati 12 kwenye anodi. Tuseme resista ya kathodi ya omu 130 sasa inasoma volti 12.4. Hiyo ni miliampea 95 kwa valvu mbili, 47 na ushei kwa moja. Toa kama 5 za gridi ya pili, anodi inabaki na 43. Volti kati ya anodi na kathodi ni kama 348. Zidisha: wati 15. Kwa volti za zamani ilikuwa 10 na kitu.

GZ34 ilikuwa na upinzani wake wa ndani uliokuwa ukizimeza hizo volti 50, dayodi hazina. Ukitaka kubaki na dayodi, weka resista kati ya kapasita ya kwanza na ya pili, ikiwa transfoma ya spika inalishwa toka ya pili. Volti 50 kwa 0.17 A ni omu 294, chukua 270. Joto lake ni wati 7.8 kimya na 15 kwa nguvu zote, kwa hiyo iwe ya wati 25 yenye ganda la chuma, ifungwe kwa skrubu kwenye chasisi. Lakini ujue unachonunua: kimya inameza volti 46, ikipiga kwa nguvu inameza 64. Volti zitayumba na muziki.

Ikiwa transfoma ya spika inalishwa toka kapasita ya kwanza, resista haina budi kukaa kabla yake, upande wa dayodi. Huko hesabu rahisi ya volti gawa kwa ampea haifanyi kazi, kwa sababu mkondo ni wa mipigo tena. Resista inameza zaidi na kupata moto zaidi kuliko hesabu inavyosema. Anza na omu 100 ya wati 25, pima, panda kidogo kidogo.

La pili: dayodi zinatoa volti papo hapo, wakati valvu bado baridi na hazivuti chochote. Kwa 2 × 270 kapasita zinakutana na 381 kila unapowasha, na zaidi kama umeme wa ukutani uko juu. Zikiwa za 350 V, zibadilishe zote kwa za 450. Na dayodi zenyewe, kila upande weka mbili kwa mfululizo. Moja inabeba volti 764 za kinyume, karibu mno na kikomo chake cha 1000 kwa umeme unaorukaruka.

Maoni yetu: tafuta GZ34 nyingine.

SWALI: Nawezaje kujua mkondo halisi wa kila valvu bila kukata waya na kuingiza mita katikati?

JIBU: Pima volti, si ampea. Kila resista iliyomo ndani ni mita ya ampea ambayo tayari imefungwa mahali pake.

Ya kathodi ndiyo ya haraka. Volti zake gawa kwa omu zake, unapata mkondo wa anodi na gridi ya pili kwa pamoja. Tahadhari: usiamini rangi zilizochorwa juu yake. Resista za kaboni za miaka hiyo hupanda na umri. Volti 12.4 kwa omu 130 ni 95 mA, lakini kama resista imefika 150, ukweli ni 83, na valvu uliyoihukumu haina kosa. Zima, toa umeme wa kapasita, pima omu, ndipo ugawe.

Resista ya pamoja haikuambii nani kati ya valvu mbili anakula zaidi. Hapo tumia transfoma ya spika. Amplifaya ikiwa imezimwa, pima omu toka waya wa kati hadi kila anodi. Nusu mbili hazilingani, ni kawaida, maana moja imesukwa juu ya nyingine na waya wake ni mrefu zaidi. Tuseme umepata 105 na 118. Washa, subiri dakika kumi, pima volti zinazopotea kwenye kila nusu. Ukipata 4.2 na 4.1 utadhani valvu ni mapacha, kumbe moja ina 40 mA na nyingine 35. Tofauti ya 5 si ya kukukosesha usingizi. Ikizidi 10, zibadilishane soketi. Tatizo likihama na valvu, ni valvu. Likibaki na soketi, ni kitu kingine, na mara nyingi ni kapasita inayopitisha sauti toka ECC83.

Hiyo ipime hivi: volti za DC kwenye pini 2 (gridi) ya EL84, ncha hasi kwenye chasisi. Inatakiwa iwe sifuri, au karibu kabisa na sifuri. Ukikuta chanya 2 au 3, kapasita inavuja, gridi inavutwa juu na mkondo unapanda. Kuna watu wamenunua valvu mpya mara tatu kwa ajili ya kapasita moja ya nanofaradi 100.

Katika vipimo hivi vyote fungia klipu ya ncha hasi kabla ya kuwasha, tumia mkono mmoja, mwingine uweke mfukoni.

SWALI: Rektifaya yangu ni EZ81, kapasita ya kwanza ni maikrofaradi 32. Naweza kuweka 220 niondoe mngurumo?

JIBU: Hapana. Kikomo cha EZ81 ni maikrofaradi 50. Kapasita kubwa hujazwa kwa mipigo mikali zaidi, kathodi inachunika, na siku moja unaona cheche ndani ya kioo. Acha 32 au weka 47, kisha ongeza baada ya choki (koili ya kulainisha mkondo). Choki ya henri 10 na kapasita ya maikrofaradi 100 hugawanya mtikisiko wa herzi 100 kwa karibu 400, kwa hiyo volti 20 zinabaki 0.05. Choki iwe ya kubeba DC yote inayopita hapo. EZ81 yenyewe haitoi zaidi ya 150 mA.

SWALI: Transfoma yangu nzima kabisa, ila imeandikwa 220 V na umeme wangu ni 240. Hita zinasoma volti 6.87. Niache?

JIBU: Usiache. Hiyo ni asilimia 9 juu, na volti kubwa nazo zimepanda hivyo hivyo. Unaweza kuweka resista ya omu 0.047 ya wati 5 kwenye kila waya wa hita. Kwa ampea 4.39 zinameza 0.41 kwa pamoja na hita zinashuka hadi 6.46. Lakini hapo umetibu hita peke yake.

Dawa ya yote ni transfoma ndogo ya 240 kwa 15 V, ya kubeba ampea 1. Koili yake ya 240 iunge kwenye umeme wa ukutani, ya 15 iunge kwa mfululizo kwenye waya unaokwenda kwenye amplifaya, ikipingana na umeme huo. Utapata 225. Ukiiunga kinyume utapata 255, kwa hiyo pima kabla ya kuchomeka amplifaya. Ikisoma juu, geuza waya mbili za koili ya 15. Fyuzi itangulie transfoma zote mbili.